Kabla ya Dripu, Niambie Wewe ni Nani

Ndugu wa mgonjwa wa dengi huwa na swali moja, na huliuliza kwa sauti ya lawama kidogo, kana kwamba sisi wa hospitali ndio tuliopanga: "Daktari, nyumba nzima tumeumwa. Wenzake wamemeza panadoli wamepona, mbona yeye ndiye kafikia huku?" Nafanya kazi wodi ya magonjwa ya ndani jijini Dar es Salaam. Mlipuko wa 2014 ulinikuta humo, wa 2019 ukanikuta humo humo, na swali hilo nimeulizwa na mama lishe, na mwalimu mkuu, hata na mfamasia ambaye nilidhani angenijibu yeye. Ni swali la haki. Mbu alikuwa yuleyule anayeuma mchana kweupe, virusi vilikuwa vilevile, pengine hata pipa la maji alimozaliwa mbu huyo lilikuwa moja. Tofauti iko kwa aliyeng'atwa.

Na si tofauti ndogo. Inakadiriwa kwamba katika kila watu wanne wanaoambukizwa dengi, watatu hawaugui kiasi cha kutafuta dawa. Wa nne anaugua, naye mara nyingi hupona nyumbani baada ya wiki ya kulalamikia kiuno, viungo na macho. Wanaoletwa kwetu miguu ikiwa ya baridi ni wachache. Kazi yangu hasa ni kuwajua hao wachache kabla miguu haijapoa, na kipimo cha dengi peke yake hakinisaidii sana hapo. Kikisoma chanya kwa watu ishirini walioketi kwenye benchi, kinasoma chanya vilevile kwa wote ishirini.

Nianze na kile tunachokiogopa, kwa sababu watu wengi wanaogopa kisichostahili. Wanaogopa homa. Wanaogopa damu ya puani. Kinachoua zaidi ni mishipa midogo ya damu kuanza kuvuja. Maji ya damu yanatoka ndani ya mishipa, yanajaa tumboni na pembeni ya mapafu, na damu inayobaki inakuwa nzito na pungufu. Tena hili halitokei homa ikiwa juu. Linatokea homa ikishuka, kati ya siku ya tatu na ya saba, na hudumu kwa saa 24 hadi 48. Ndiyo saa ambayo nyumbani wanashukuru Mungu, mgonjwa anaogeshwa, anapikiwa uji, na yule aliyekuwa akimkesha anarudi kazini.

Kijana mmoja fundi wa friji alifika kwetu katika hali hiyo. Alikuwa siku ya tano, homa hana, anaongea vizuri, ila hatulii kitandani na anashika tumbo upande wa kulia. Presha yake ilikuwa 100 kwa 85. Mwanafunzi aliyekuwa nami aliandika "presha nzuri" kwenye faili. Nikamwambia aache namba ya juu, atazame tofauti kati ya hizo mbili: ni 15 tu. Tofauti hiyo ikifika 20 au ikapungua zaidi, mzunguko wa damu umeshaanza kushindwa hata kama mgonjwa anacheka. Nikabonyeza ukucha wa kidole chake gumba cha mguu, ukawa mweupe, ukachelewa kurudisha wekundu. Hematokriti yake, yaani sehemu ya damu inayochukuliwa na chembe nyekundu, ilikuwa asilimia 38 alipopimwa kwenye zahanati. Kwetu ikasoma 46. Hakuongezewa damu. Maji ndiyo yaliyoondoka.

Mke wake na mdogo wake waliugua wiki ileile na walikuwa wamekaa kwenye varanda, wazima. Sasa umri wao ulikaribiana, chakula chao sufuria moja. Nilipomuuliza vizuri, fundi yule akakumbuka kwamba mwaka 2014 alikuwa akiishi Kinondoni na alipata homa kali ambayo malaria haikuonekana, macho yakamuuma kwa nyuma, mwili ukatoka vipele. Alipewa dawa ya mseto hivyo hivyo, ikapita. Mke wake wakati huo alikuwa kwao Singida, na mdogo wake alikuwa bado hajafika mjini.

Hapo ndipo penye jambo ambalo mtu wa kawaida hulipata gumu kuliamini. Tumezoea surua: ukiugua mara moja umemaliza. Dengi ina aina nne za virusi, na ukiugua aina moja unapata kinga ya muda mrefu dhidi ya aina hiyo tu. Dhidi ya nyingine tatu kinga yako ni ya miezi michache, kisha inageuka kuwa kitu kingine. Kingamwili zilizobaki kutoka ugonjwa wa kwanza zinavitambua virusi vya aina ya pili, zinavishika, ila hazina nguvu ya kuviua. Basi chembe nyeupe, ambazo kazi yake ni kumeza chochote kilichoshikwa na kingamwili, zinavimeza vikiwa hai, na dengi huzaliana ndani ya chembe hizohizo. Ni sawa na mgambo anayemkamata mwizi, halafu anamlaza kwenye ghala alilowekwa kulinda. Virusi vinaongezeka kuliko ambavyo vingeongezeka kwa mtu ambaye hajawahi kuugua, na mwili unavijibu kwa fujo inayoumiza mishipa yenyewe.

Daktari Mmarekani Scott Halstead ndiye aliyelishikilia wazo hili tangu alipofanya kazi Bangkok miaka ya 1960, na kwa muda mrefu lilibishiwa. Waliolithibitisha kwa namna ambayo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaielewa ni Wacuba. Mwaka 1977 aina ya kwanza ya dengi ilipita katika kisiwa chao na kuambukiza sehemu kubwa ya watu, karibu wote wakaugua kidogo wakapona. Mwaka 1981 ikaingia aina ya pili. Wagonjwa walizidi 344,000, zaidi ya 10,000 wakawa katika hali mbaya, wakafa watu 158, na 101 kati yao walikuwa watoto. Watoto wadogo kabisa waliozaliwa baada ya 1977 kupita, ambao damu yao haikuwa na kumbukumbu ya aina ya kwanza, walikuwa nadra sana miongoni mwa mahututi.

Serikali ya Cuba ikapiga vita mbu kwa nguvu zote na dengi ikatoweka kwa miaka mingi. Kisha mwaka 1997 aina ya pili ikarudi katika mji mmoja, Santiago de Cuba. Safari hii watoto hawakuguswa na ugonjwa mkali. Walioingia chumba cha mahututi walikuwa watu wazima, wale waliokuwa hai mwaka 1977. Miaka 20 ilikuwa imepita na damu yao haikuwa imesahau. Profesa María Guadalupe Guzmán na wenzake wa Taasisi ya Pedro Kourí huko Havana walipolinganisha milipuko miwili, waliona kwamba kwa watu wa rika moja vifo vilikuwa vingi zaidi pale muda kati ya maambukizi mawili ulipokuwa mrefu. Mimi hilo hunikosesha usingizi kuliko takwimu nyingine yoyote ya dengi, kwa sababu za hapa kwetu.

Hapa kwetu mwaka 2014 maabara zilikuta aina ya pili, na waliothibitishwa na vipimo walizidi 1,000. Mwaka 2019 zikakuta aina ya kwanza, na waliothibitishwa wakazidi 6,000, wengi wao wa Dar es Salaam. Nyuma ya kila aliyepimwa wapo wengi wasiopimwa. Maana yake jiji hili sasa limejaa watu wa namna tatu: ambao hawajawahi kuugua, walioguswa mara moja, na walioguswa mara mbili. Kundi la tatu kwa kawaida lina nafuu, maana maambukizi ya tatu na ya nne mara nyingi huwa mepesi. La kwanza likiugua litapata homa ya mifupa na kupona, kwa wengi wao. La katikati ndilo ninalolitafuta mapokezi.

Nalitafuta kwa maswali, kwa sababu karatasi hawana. Ukimuuliza mtu, "Umewahi kuugua dengi?" atakujibu hapana, kwa kuwa mwaka 2014 aliambiwa ana malaria, au tefodi, au uchovu. Mimi huuliza ulikuwa unaishi wapi mwaka ule, na kama ulipata homa ambayo malaria ilikosekana, macho yakauma ukiyazungusha, ukakosa ladha ya chakula, ngozi ikawasha homa ilipokwisha. Wengine huanza kucheka: "Ahaa, ile!" Ile hiyo naiandika kwenye faili kwa wino mwekundu.

Kuna waliodhani kwamba kipimo cha damu kingemaliza kazi hiyo. Si rahisi hivyo. Watafiti waliowafuatilia watoto wa Managua, Nicaragua, mwaka baada ya mwaka, wakachapisha matokeo mwaka 2017, walikuta kwamba kuwa na kingamwili au kutokuwa nazo si ndilo jambo. Jambo ni kiasi. Watoto wenye kingamwili nyingi walilindwa. Wasio nazo kabisa walikuwa na hatari ya kawaida. Waliokuwa nazo kidogo, kwenye ukanda mwembamba wa katikati, ndio waliokuwa kwenye hatari ya kuugua vibaya, mara kadhaa zaidi ya wenzao.

Ukilielewa hilo unaelewa mambo mawili ambayo yangeonekana ya ajabu. La kwanza ni watoto wachanga. Nchi za Kusini-Mashariki mwa Asia zimejua kwa miongo mingi kwamba mtoto wa miezi sita hadi tisa hivi anaweza kupata dengi kali katika ugonjwa wake wa kwanza kabisa maishani. Amezitoa wapi kingamwili? Kwa mama yake, kupitia kondo la nyuma. Akizaliwa zinamlinda, zikipungua hadi kufika ule ukanda mbaya, zinamgeuka, akikaribia mwaka zinaisha na hatari hiyo inaondoka nazo. La pili ni chanjo. Mwaka 2016 Ufilipino ilianza kuchanja watoto wa shule kwa chanjo ya Dengvaxia, na zaidi ya 800,000 walipata. Novemba 2017 kampuni iliyoitengeneza, Sanofi, ikatangaza kwamba kwa mtoto ambaye hakuwahi kuugua dengi kabla ya kuchanjwa, ugonjwa ukija baadaye unaweza kuwa mkali zaidi. Chanjo ilikuwa imesimama mahali pa maambukizi ya kwanza. Mpango ulisimamishwa, na Shirika la Afya Duniani likaelekeza kwamba anayepewa chanjo hiyo apimwe kwanza kama alishawahi kuambukizwa.

Nimekaa sana kwenye kingamwili kwa sababu ndicho chanzo kilichochunguzwa kuliko vyote. Wodini, hata hivyo, mgonjwa haji na kingamwili peke yake. Anakuja na mwili aliouishi miaka yote. Ninalotaka wenzangu wa zahanati wanielewe ni kwamba magonjwa aliyonayo mtu kabla ya dengi yanafanya mambo mawili kwa wakati mmoja: yanaizidisha dengi, na yanaificha. Hilo la pili huandikwa kidogo vitabuni.

Chukua sikoseli. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na sikoseli duniani. Inakadiriwa ni kama 11,000 kila mwaka. Wacuba waliitaja sikoseli miongoni mwa mambo yaliyoonekana kwa waliougua vibaya mwaka 1981, pamoja na pumu na kisukari, na Jamaica nako kumeripotiwa vifo vya dengi kwa wenye sikoseli. Inaeleweka. Kuta za mishipa yao zina uvimbe wa kudumu hata siku ambayo hawaumwi. Maji ya damu yakivuja, chembe nyekundu zinasongamana, zinajikunja na kuganda njiani, na maumivu yanaanza. Ndugu wanasema, "Ni maumivu yake ya kawaida," na mgonjwa mwenyewe anakubaliana nao, kwa kuwa anayafahamu tangu utotoni.

Kisha inakuja hesabu. Nilikuwa na msichana mwenye sikoseli ambaye hematokriti yake siku zote, kwa mujibu wa daftari lake la kliniki, ilikuwa 23. Alipofika na homa iliyoshuka, karatasi ya maabara ilisema 29. Kwa macho ya haraka ile ni habari njema: damu imepanda! Hata mama yake alifurahi, akasema ni rozela aliyomnywesha. Lakini uboho wake haukuwa na uwezo wa kutengeneza damu kiasi hicho kwa siku mbili. Kutoka 23 hadi 29 ni kupanda kwa zaidi ya robo, na sisi tunahesabu kuvuja kuanzia kupanda kwa asilimia 20. Kipimo cha mawimbi ya sauti (ultrasaundi) kilionyesha maji tumboni. Bila lile daftari lililochakaa, ningemwona ni binti mwenye upungufu wa damu wa wastani anayehitaji dawa ya maumivu. Tena maji yake ya dripu hayapimwi kwa jicho: yakipungua anaganda, yakizidi yanamjaa kifuani, na kifua cha mwenye sikoseli hakina msamaha.

Mwenye presha naye huja na mtego wake. Mzee aliyezoea kuishi na 160 kwa 100 akisoma 110 kwa 85, mashine haipigi kelele, nesi mgeni anapita. Kwa mzee huyo 110 ni shimo. Kama anatumia atenololi au propranololi, mapigo ya moyo ambayo yangepaa na kutuonya yanabaki 70 kwa utulivu wa kupumbaza. Kama anameza aspirini ndogo kila siku kwa ajili ya moyo, chembe sahani zake zimepungua kwa dengi, na hata zile chache zilizobaki hazigandishi damu ipasavyo. Wazee wengine hata homa hawapandishi. Wanakuja wamechoka tu, wamechanganyikiwa kidogo, na mtoto anasema ni umri. Ripoti za Singapore na Taiwan, ambako wanaougua dengi wengi ni watu wazima, zimewataja wazee na wenye kisukari, presha na figo mbovu miongoni mwa wanaofariki zaidi. Sitashangaa siku hesabu za hapa zikisomwa vizuri zikionyesha hivyohivyo, kwa jinsi kisukari kilivyotuingia mijini.

Kisukari kina sababu yake ya ndani. Ukuta wa mshipa kwa ndani umefunikwa na utando mwembamba unaoshikilia maji yasitoke. Protini moja ya virusi vya dengi, ileile tunayoitafuta kwenye kipimo cha siku za mwanzo, inaonekana kuushambulia utando huo. Kwa mtu ambaye sukari imeshauchubua miaka kumi, hakuna kikubwa cha kushambulia.

Wajawazito sitawaacha, ingawa kwetu huishia wodi nyingine. Mimba inapunguza hematokriti kwa kawaida na inaongeza mapigo ya moyo kwa kawaida, hivyo alama zetu mbili kuu zinakuwa zimevurugwa na maumbile. Dengi ikimkuta karibu na kujifungua, hatari ya kutokwa damu nyingi inapanda, na mtoto anaweza kuzaliwa nayo. Mjamzito mwenye homa asiyekuwa na malaria, kwangu mimi, halali nyumbani msimu wa mlipuko. Wenzangu huniona nazidisha. Na wanione.

Watoto wana jambo lao: mishipa yao midogo huvuja kirahisi kuliko ya watu wazima, hivyo wao huangushwa zaidi na mshtuko, wakati watu wazima huangushwa zaidi na damu na kuharibika kwa ini au viungo vingine. Kuhusu lishe habari ni ya kushangaza kidogo. Madaktari wa Thailand waliona zamani kwamba mtoto mwenye utapiamlo mkali si ndiye aliyekuwa akipata dengi kali zaidi, pengine kwa kuwa mwili wake haukuwa na nguvu ya kufanya ile fujo ya kinga. Tafiti nyingine hazikukubaliana, ila kwa watoto wanene matokeo mengi yameelekea upande mmoja, nao ni mbaya. Nimeacha kumwona mtoto mwenye mashavu kuwa ndiye mwenye afya.

Yapo pia ya kurithi. Watafiti waliochunguza maelfu ya watoto wa Vietnam walitangaza mwaka 2011 sehemu mbili za vinasaba zinazohusiana na mtoto kuingia kwenye mshtuko. Cuba, tena Cuba, iliona kwamba watu weusi waliugua dengi kali kwa nadra kuliko weupe, ingawa waliishi mitaa ileile na kung'atwa na mbu walewale. Haiti ilipochunguzwa, aina kadhaa za virusi zilikuwa zikizunguka na bado wagonjwa mahututi walikuwa adimu. Habari hizi zikifika kijiweni huwa fupi: "Mwafrika hafi kwa dengi." Naomba tusiifupishe hivyo. Huenda kuna ngao fulani katika vinasaba vyetu, na huenda pia tumekuwa tukizika watu wa dengi kwa jina la malaria kwa miaka mingi kwa kukosa vipimo. Mwaka 2014 jiji hili lilimzika daktari kijana aliyefariki kwa dengi, na 2019 vifo vilitangazwa. Ngao ya watu wengi haimlindi mtu mmoja aliye mbele yangu.

Niseme neno kuhusu chembe sahani, maana ndizo zinazoshika akili za ndugu. "Daktari, zimefika 40,000!" Simu zinapigwa, majani ya mpapai yanasagwa, ndugu wanaomba atundikiwe chembe sahani mara moja. Utafiti uliofanywa Singapore na Malaysia, ukachapishwa mwaka 2017, uliwagawa watu wazima wenye chembe sahani chache sana wasiotokwa damu: wengine wakaongezewa, wengine wakaachwa. Kuongezewa hakukuzuia damu kutoka, na madhara ya kuongezewa yaliwapata zaidi waliopewa. Kijana mzima mwenye 25,000, anayekojoa vizuri na kula, hanitishi kama mama wa kisukari mwenye 90,000 anayetapika mfululizo na kusema tumbo linamkata. Kuhusu majani ya mpapai sigombani na mtu, ilimradi hayamcheleweshi kuja na hayachukui nafasi ya maji ya kunywa.

Basi msimu wa mvua ukianza na homa zikaanza kuonekana mitaani, fanyeni haya kwa ajili yetu tulio mapokezini. Mwenye homa asimeze diklofenaki wala ibuprofeni. Panadoli inatosha hadi ijulikane ni nini. Mwenye aspirini ya moyo asiiache kwa uamuzi wake, aje tuamue pamoja. Njoo na daftari lako la kliniki hata kama limechanika, na kama una sikoseli, kisukari au presha, njoo na namba zako za siku za uzima. Kama uliwahi kupimwa dengi mwaka 2014, 2019 au mwaka mwingine wowote, tafuta karatasi hiyo leo, ipige picha, uihifadhi kwenye simu. Na homa ikishuka siku ya nne, msimwache mgonjwa peke yake. Mkimwona anatapika bila kukoma, tumbo linamkata, fizi zinatoka damu, amelegea au hatulii, au mikono na miguu imepoa, mleteni usiku huohuo.